nslookup, dig, Resolve-DnsName ao nmap: ya kutafutia seva mu rezo ya kampuni, ushike gani?

Kampuni nyingi hapa Lubumbashi ziko vile: biro kubwa mu centre-ville, depo mu Kampemba, pengine depo ingine ku Kasumbalesa fasi malori yanavuka kuenda Zambia, na saiti ku Kolwezi. Seva ziko kila fasi. Kuna ya kontabilite, kuna ya mafaili, kuna ya stoki, na kuna ile ya zamani chini ya meza yenye hakuna mtu anajua inafanyaka nini lakini ukiizima tu simu zinaanza kulia. Liste ya seva hakuna. Mwenye alizipanga alishaenda kazi ingine. Sasa wewe njo unaitwa, unapewa kiti na ordinateri moja ya Windows ya Kifaransa, na unatakiwa ujue seva gani iko wapi mbele ya jioni.

Naandika kwa ndugu wenye wanaingia mu hii kazi, juu naona wengi wanajifunza komandi moja tu, mara nyingi ping (yenye inagonga mashini na kungoja ijibu), wanaishi nayo miaka, na kila siku inawadanganya bila wao kujua. Komandi za kutafuta seva zinafanana kwa macho lakini haziulizi fasi moja, na hapo njo tofauti yote iko.

Kwa mwenye hana wakati: kama uko mbele ya Windows yenye si yako na hauna mega za kupakua kitu, anza na nslookup, iko pale tayari. Kama unaweza kufungua PowerShell, shika Resolve-DnsName, iko mu Windows tangu Windows 8 na Server 2012. Kama uko na laptop yako ya Linux, dig inazipita zote kwa kuleta ushahidi. Kama haujui hata jina moja la seva, acha DNS (daftari lenye linageuza jina la seva kuwa adresi yake) kwanza uende ku Active Directory (daftari la domeni, ni kusema la mashini na akonti zote za kampuni). nmap, yenye inagonga adresi zote za rezo, iko ya mwisho, na kwa ruhusa ya mwenye rezo.

Kila komandi inauliza nani

Ukiandika `ping srv-compta`, Windows haikimbii moja kwa moja ku DNS. Inaangalia kashe yake (majibu yenye imeshahifadhi) pamoja na faili ya hosts (liste ndogo ya majina na adresi, ile iko mu C:\Windows\System32\drivers\etc), kiisha inauliza DNS, na DNS ikikosa jibu inaita kwa sauti mu rezo ya karibu kupitia LLMNR na NetBIOS, "nani hapa anaitwa srv-compta?", na mashini yoyote yenye iko na jina hilo inaweza kuitika. Kwa hiyo ping ikikupa adresi, adresi ile inaweza kuwa imetoka fasi nne mbalimbali na haitakwambia ni wapi.

nslookup inaruka hayo yote. Haisomi hosts, haisomi kashe ya Windows, NetBIOS haiijui, inaenda ku seva ya DNS inauliza, basi. dig na host ni vilevile. Resolve-DnsName iko katikati: ukiiacha bila kitu inapita njia ya Windows yenyewe na kashe na hosts zote, lakini unaweza kuikataza kimoja kimoja. nltest, dsquery na Get-ADComputer zinaenda kusoma Active Directory, daftari la domeni. arp na nmap zenyewe zinaangalia waya: nmap inagonga kuona nani anajibu, arp inasoma wenye wameshajibu.

Ndiyo maana mi sichagui kati ya ping na nslookup, napiga zote mbili zikifuatana na kusoma tofauti. ping ikipata na nslookup ikikosa, jina halimo mu DNS, mashini hii inalijua kwa hosts ao kwa NetBIOS, na kesho mutumishi wa depo ingine akijaribu halitafunguka kwake, juu NetBIOS na LLMNR hazivuki ruta. nslookup ikisema 192.168.10.20 na ping ikienda 192.168.10.15, kuna kitu ya zamani mu kashe ao mu hosts. Piga `ipconfig /flushdns`, jaribu tena, na kama bado inaenda ku .15, fungua hosts usome mustari kwa mustari. Programu za kontabilite zinapendaka sana kuandika mule wakati wa kuziinstole, na miaka inapita, seva inahama, mustari unabaki.

Na kitu kimoja kuhusu ping yenyewe: kukosa jibu haimaanishi seva imekufa. Faiwoli ya Windows inazuia ping zenye zinaingia, vile inatoka kiwandani. Ukitaka kujua kama seva ya SQL iko hai uliza mlango wake, `Test-NetConnection srv-compta -Port 1433`, hapo jibu liko la kweli zaidi.

nslookup na dig

Nguvu ya nslookup ni moja: iko kila fasi. Windows iko nayo, Mac iko nayo, Linux nyingi nayo. Ukifika ku saiti ya Kolwezi fasi intaneti ni ya satelaiti na kila mega inalipwa, hautaki komandi yenye inataka kupakuliwa. Unaandika `nslookup srv-fichiers` na inajibu. Ukitaka kuuliza DNS ingine kuliko ile ya mashini, unaandika adresi yake nyuma ya jina:

nslookup srv-fichiers.kampuni.lan. 192.168.10.5

Nukta ile ya mwisho baada ya lan, usiisahau. nslookup ya Windows inapenda kubandika jina la domeni ku mwisho wa kila kitu unaandika, hata kama uliandika jina zima. Unaandika google.com, yenyewe inaanza kuuliza google.com.kampuni.lan, na kama mu DNS ya kampuni kuna rekodi ya nyota yenye inajibia kila jina, utapewa adresi ya ndani kwa jina la inje na utazunguka siku nzima. Nukta inakata hiyo tabia.

Kuna mambo mawili mu nslookup yanaogopesha watu bure. La kwanza ni neno UnKnown fasi jina la seva ya DNS lilipaswa kuwa. Wengi wanaliona wanasema DNS imeharibika. Haijaharibika. nslookup ilijaribu kutafuta jina la hiyo DNS kutoka ku adresi yake, ikakosa rekodi ya kurudi nyuma, ile ya PTR. Jibu lenye linafuata chini liko sawa. Tengeneza zoni (fungu la rekodi za DNS) ya kurudi nyuma siku uko na nafasi, na UnKnown itapotea. La pili ni "Réponse ne faisant pas autorité". Inasema tu kwamba DNS yenye ulijibiwa nayo si mwenye zoni, imelitoa jibu fasi ingine ao mu kashe. Kwa jina la inje hiyo ni kawaida kabisa. Kwa jina la seva ya ndani, hapo sasa simama uulize: kwa nini DNS ya hapa Lubumbashi haina zoni yetu yenyewe?

Lile lenye kuumiza kweli ku satelaiti ni wakati. nslookup ya Windows inangoja sekunde 2 inaandika "DNS request timed out". Satelaiti ya geostationary peke yake inakula karibu milisekunde 600 kwenda na kurudi, ongeza foleni ya watu wenye wanapakua video saa sita, na DNS yenye iko hai kabisa inaonekana imekufa. Andika `nslookup -timeout=10` mbele ya jina. dig yenyewe inangoja sekunde 5 na inarudia mpaka mara 3, kwa hiyo ku laini mbaya dig inavumilia zaidi bila kuambiwa kitu, na `+time=10` inaongeza.

Sasa dig. Swali ni lile lile:

dig @192.168.10.5 srv-fichiers.kampuni.lan

lakini angalia vile inajibu. Inakupa status juu kabisa, inakupa swali vile lilitumwa, jibu, TTL (sekunde zenye jibu linaruhusiwa kukaa mu kashe), adresi ya DNS yenye ilijibu na milisekunde ngapi ilitumia. Status njo naipendea. NXDOMAIN, jina halipo. NOERROR bila jibu, jina lipo lakini rekodi ya aina uliitafuta haipo. SERVFAIL, DNS ilishindwa kazi yake, mara nyingi juu haikufikia DNS ya juu yake, kwa mfano ya Kolwezi kama laini imekatika. REFUSED, inakukataa wewe. Matatizo manne, dawa nne tofauti, na mwenye anapiga simu kwako anasema moja tu, "seva haionekane". nslookup nayo inaweza kuonyesha makosa haya, lakini inayaandika kwa mustari mmoja na watu wanasoma "ne parvient pas à trouver" wanaishia hapo.

TTL nayo nslookup inaificha mpaka uiamurishe na -debug. Ukihamisha seva ya mafaili kutoka .15 kwenda .20, TTL njo inakwambia adresi ya zamani itaishi muda gani mu kashe za wengine. Rekodi yenye mashini ya Windows imejiandikisha yenyewe inakuwa kawaida na 1200, ni dakika 20. Yenye mtu ameiandika kwa mkono ku DNS ya Microsoft inakuwa kawaida 3600, saa moja. Mwenye anajua hii anamwambia chefu wa kontabilite "ngoja mpaka saa nane", na saa nane inafunguka, na anaheshimiwa.

dig iko na tofauti moja ya kushika: haibandiki domeni. `dig srv-fichiers` peke yake itaenda kutafuta srv-fichiers ku mizizi ya dunia na kurudi na NXDOMAIN. Andika jina zima ao ongeza `+search`. Na ukitaka adresi tu bila maneno, `+short`. Ile ni nzuri kwa kulinganisha DNS mbili, ya Lubumbashi na ya Kolwezi, zenye zinatakiwa kusema kitu kimoja:

dig @192.168.10.5 srv-compta.kampuni.lan +short
dig @192.168.30.5 srv-compta.kampuni.lan +short

Zikijibu tofauti, shida yako iko mu kufanana kwa DNS hizo mbili na hauna haja tena ya kugusa ordinateri ya mutumishi.

Ubaya wa dig ni kuipata. Ku Ubuntu na Debian iko mu paketi bind9-dnsutils, ku Rocky na ndugu zake bind-utils. Ku Windows ilikuwa inakuja na BIND, lakini toleo 9.16 njo lilikuwa la mwisho kutolewa kwa Windows na lenyewe lilishaachwa, kwa hiyo zile dig.exe zenye watu wanapeana kwa USB ni za zamani, mi siwezi kushauri uziweke ku seva ya kampuni. host inakuja pamoja na dig, inajibu kwa sentensi fupi, nzuri kwa kuangalia haraka, zaidi ya hapo haina kitu ya kuongeza.

Resolve-DnsName, yenye watu wanaisahau

Ku Windows hii njo ningechagua mimi kama ningepaswa kubaki na moja. nslookup inakupa maandishi, na maandishi ya Kifaransa, kwa hiyo script yenye uliitoa ku intaneti ya Kingereza inatafuta neno "Name:" na kwako imeandikwa "Nom :", haipati kitu. Resolve-DnsName inarudisha vitu vyenye vina majina yao ya ndani, Name, Type, TTL, IPAddress, na majina hayo hayabadiliki hata Windows ikiwa ya Kifaransa. Unaweza kuweka majina 40 mu faili ya maandishi na kuyauliza yote kwa mustari mmoja:

Get-Content majina.txt | ForEach-Object { Resolve-DnsName $_ -Type A -ErrorAction SilentlyContinue } | Export-Csv seva.csv -NoTypeInformation

na unafungua seva.csv mu Excel. Kwa nslookup ungeandika moja moja.

Tena inakupa TTL bila kuomba. Inakubali -Server kama @ ya dig. Inakubali -NoHostsFile, -DnsOnly, -CacheOnly, na hapo njo unaweza kujibu lile swali la mwanzo, jibu limetoka wapi, bila kubadilisha komandi. Kama ping inaenda fasi mbaya, `Resolve-DnsName srv-compta -CacheOnly` inakuonyesha kashe, kiisha `-NoHostsFile -DnsOnly` inakuonyesha DNS inasema nini.

Yenye inakosa ni ile status na alama za dig. Ikishindwa inatoa mistari mwekundu ya PowerShell, na kati ya SERVFAIL na timeout unabaki kusoma sentensi ndefu. Kwa ushahidi wa kutumia mwenye anakuuzia laini, ao mwenye anasimamia DNS ku makao makuu ya inje, mi ningetuma dig. Mtu wa Johannesburg ao Brussels akiona dig na saa yake na adresi ya DNS yenye ilijibu hawezi kuuliza "mulijaribu vipi".

Kama haujui hata jina

Hapa njo kuko kazi yenyewe, na hapa njo naona watu wanapoteza siku. DNS inajibu kama uko na jina. Kama hauna jina, haikupe liste, na haitakiwi kukupa: kuchukua zoni nzima (`ls -d` mu nslookup, AXFR mu dig) kunazuiliwa ku DNS yenye imepangwa vizuri. Ukiona imekubali kwa laptop yoyote, mwambie mwenye DNS aifunge leo leo.

Lakini kuna majina yenye kila domeni ya Active Directory iko nayo na hauna haja ya kuambiwa na mtu. Kontrola za domeni (seva zenye zinashika Active Directory) zinajiandikisha mu rekodi za SRV, zenye zinasema huduma iko ku seva gani na porti gani, kwa hiyo:

nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.kampuni.lan.

inakuletea kontrola zote, za Lubumbashi, za Kolwezi, na adresi zao na porti 389. Resolve-DnsName inafanya vilevile na `-Type SRV`. (Kwa klavye ya AZERTY ya Ufaransa mustari huu wa chini, _, uko ku 8 bila Shift, naandika juu nimeona watu wanautafuta mpaka wanaacha.) Rekodi hizi njo mashini zenyewe zinatumia kutafuta fasi ya kuingilia, kwa hiyo kama seva imezimwa tangu mwaka jana na bado iko mu liste hii, kuna watu asubuhi wanangoja dakika nzima mbele ya ekrani ya kuingia juu ordinateri yao inaanza kwa kugonga mlango wa marehemu.

Ukitaka kujua mashini hii imechagua kontrola gani, nltest inapita SRV: `nltest /dsgetdc:kampuni.lan` inatoa jina, adresi na saiti, na `/force` inailazimisha kutafuta upya badala ya kukumbuka. Kama ordinateri ya Lubumbashi inasema imeshikana na kontrola ya Kolwezi, saiti na sabneti (vipande vya rezo) hazikupangwa mu Active Directory, na utakuwa umepata sababu ya polepole yenye watu walikuwa wanailaumu intaneti. `echo %LOGONSERVER%` inaonyesha pia, lakini kama mtu aliingia wakati rezo ilikuwa imekatika jina lile linaweza kuwa la zamani, nltest naiamini zaidi.

Kwa seva zote, si kontrola tu, uliza daftari:

Get-ADComputer -Filter 'OperatingSystem -like "*Server*"' -Properties OperatingSystem,IPv4Address,LastLogonDate

Hii inataka moduli ya RSAT (vyombo vya Microsoft vya kusimamia seva), na tangu Windows 10 toleo la 1809 RSAT inatoka ku intaneti, basi mega. Kama hauna, mustari huu haupakui kitu na unafanya mu mashini yoyote yenye iko mu domeni, kwa akonti ya kawaida tu bila kuwa admin:

([adsisearcher]'(operatingSystem=*Server*)').FindAll()

Nautaja kwa furaha kabisa, juu umeniokolea safari nyingi. dsquery nayo ipo, `dsquery computer -name srv*`, lakini inasimama ku majina 100 kama haukuongeza `-limit 0`, na haikupe mfumo wala tarehe kirahisi. Kati ya hizo tatu nachukua Get-ADComputer kama ipo, adsisearcher kama haipo.

Shika kwamba daftari linakumbuka wafu. Seva yenye ilitolewa mwaka 2019 na hakuna mtu aliifuta bado iko mule. LastLogonDate inasaidia, lakini tarehe ile inachelewa mpaka siku 14 kwa vile inavyosambazwa, kwa hiyo tarehe ya wiki jana ni mashini hai, tarehe ya miezi sita nyuma njo ya kushuku. Tena daftari halijui NAS (sanduku la kuhifadhi mafaili ku rezo), haijui seva ya kamera, haijui Linux yenye haikuingizwa mu domeni.

Na net view? Bado kuna watu wanafundishwa `net view` ya kuonyesha mashini zote. Ilikuwa inategemea Computer Browser, yenye inategemea SMB1 (njia ya zamani ya Windows ya kugawa mafaili), na tangu Windows 10 toleo la 1709 SMB1 haiwekwi tena yenyewe, kwa sababu nzuri za usalama. Ikikupa kosa, usirudishe SMB1 ili tu kuona liste, tafadhali. `net view \\srv-fichiers` yenyewe ingali ya faida kuona folda zenye seva moja inagawa. nbtstat -A na adresi nayo inaweza kukwambia mashini isiyojulikana inaitwaje, ukiona <20> inagawa mafaili, ukiona <1C> ni kontrola ya domeni.

Kugonga waya

Zile zenye hazimo mu DNS wala mu daftari zinabaki kutafutwa ku waya. Bila kupakua kitu:

for /L %i in (1,1,254) do @ping -n 1 -w 200 192.168.10.%i | find "TTL="

Kopi nyingi za mustari huu zinatafuta "Reply", na Windows yako inaandika "Réponse", kwa hiyo zinatoka tupu na unafikiri rezo ni tupu. TTL= iko mu kila lugha. Ikiisha piga `arp -a`: mashini zenye zimekataa ping lakini ziko mu sabneti moja na wewe zitaonekana pale, juu faiwoli inazuia ping, ARP inajibu. Hiyo njo faida ya arp na mpaka wake pia, ya Kolwezi haitaiona hata siku moja. TTL hii ya ping, si ile ya DNS, inasema kitu, karibu 128 mara nyingi Windows, karibu 64 Linux, 255 mara nyingi ni ruta ao switchi.

nmap inafanya hayo yote kwa mustari mmoja na zaidi. Ipo tangu 1997, ku Windows inataka Npcap. `nmap -sn 192.168.10.0/24` inatafuta wenye wako hai, `nmap -p 22,445,1433,3306,3389 --open 192.168.10.0/24` inakuonyesha nani anafungua SSH, mafaili, SQL Server, MySQL, na dawati la mbali. Kati ya zote hakuna yenye inakupa picha nzima hivi. Lakini waya wa kampuni si wako. Antivirusi inaweza kukuona kama mwizi, mashini za zamani za kiwandani zinaweza kukwama ukizigonga, na ku saiti ya mgodi hizo mashini njo zinaendesha kazi. Uliza chefu kwa maandishi, chagua saa, anza na sabneti moja ya biro. Kama ruhusa haijafika, kuna `nmap -sL 192.168.10.0/24`: haigusi mashini hata moja, inauliza DNS tu majina ya adresi zote 256. Zoni ya kurudi nyuma ikiwa imejazwa, unapata karibu liste nzima kwa upole. Naona hii haitumiwi inavyostahili.

Kama laptop yako ni Linux

Kuna mtego mmoja wenye unakula watu wengi. Domeni nyingi za hapa zinaitwa kitu.local. Jina .local limewekwa kwa mDNS (mashini zinaulizana majina zenyewe bila seva) tangu RFC 6762 ya mwaka 2013, na Ubuntu zingine, zaidi za zamani, zinalifuata: dig inapata srv-compta.kampuni.local vizuri, ping inasema jina halijulikani, na unaanza kushuku kable. dig inaenda ku DNS, ping inapita /etc/nsswitch.conf fasi mdns4_minimal inaweza kukata .local mbele ya kufika ku DNS. Kwa hiyo ku Linux usilinganishe dig na ping peke yake, weka `getent hosts srv-compta.kampuni.local` katikati, hiyo njo inafuata njia ileile programu zako zinapita. Na dig ikisema imejibiwa na 127.0.0.53, hiyo ni systemd-resolved ya laptop yako, uliza `resolvectl status` ujue DNS ya kweli ni gani. Ya kurekebisha ni kuweka dns mbele ya mdns4_minimal mu mustari wa hosts wa nsswitch. Na kama wewe njo unapanga domeni mpya, acha .local, chukua jina lenye kampuni inalipia tayari na uweke ad. mbele yake.